Mia Moja ya Diski na Mia Moja ya Waya

Ukutani mwa duka langu hapa Kibondo mjini, juu ya meza ya kutengenezea simu, kuna jedwali nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi. Kushoto nimeorodhesha njia za zamani za kuunganisha diski na kompyuta. Katikati kuna namba iliyochapwa kwenye kifaa. Kulia kuna namba ya kweli, ile anayoielewa mtu wa leo: megabaiti ngapi zinapita kwa sekunde moja. Watu wenye digrii zao wameingia dukani, wametoa simu, wamelipiga picha. Jedwali la mtu aliyeishia darasa la tano! Nalisema hilo bila haya, maana sioni kwa nini nilifiche.

Siku moja alisimama mbele yake jamaa wa ofisini, katoka Kakonko, shati limechomekewa vizuri. Akatikisa kichwa.

"Fundi, hapa umekosea. Hizi SATA za kwanza ni megabiti elfu moja na mia tano. Ukigawa kwa nane unapata mia na themanini na saba. Wewe umeandika mia na hamsini."

"Bosi, kwenu mlikuwa mnasaga muhogo?"

"Tulikuwa tunasaga."

"Ukipeleka mabakuli kumi mashineni, huna hela, mwenye mashine akachukua unga wake hapo hapo mabakuli mawili, nyumbani unafika na mangapi?"

"Manane."

"Basi na waya huo ni hivyo hivyo. Kila biti kumi zinazopita, mbili ni za njia yenyewe, za kulinda mzigo usivurugike. Huo hugawi kwa nane. Unagawa kwa kumi."

Halafu akatoa simu akapiga picha, kama wenzake.

Lakini sikuzaliwa na maarifa hayo. Jedwali lile lilitokana na asubuhi moja tu, na lilitokana na kosa langu. Nalisimulia kwa sababu mwisho wake ni mzuri, na kwa sababu mwenye kulirekebisha kosa ni mimi huyu huyu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Akaingia mama mmoja wa makamo, vumbi la safari miguuni, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwakeye, fundi," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, dada. Karibu kiti."

Hakukaa. Alifungua kitenge juu ya meza. Ndani kulikuwa na diski ya zamani ya kompyuta, ile nzito, yenye pini nyingi nyuma kama meno ya kitana. Alikuwa ameipokea asubuhi ile ile Kasulu, kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga video za harusi zamani, sasa anauza mabati. Kompyuta ya mzee iliungua siku nyingi. Diski aliichomoa akaiweka kabatini. Mzee alimwambia kama kuna mtu wa kuifungua, basi ni fundi wa Kibondo. Kwa hilo mzee alisema kweli.

"Humu ndani yumo baba yangu," akasema yule mama. "Na leo saa tisa ninamhitaji."

Akanieleza. Miaka kumi na minane iliyopita, siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, huko kwao Kumsenga, baba yake alisimama mbele ya watu wote akampa shamba la bondeni, lile lenye kahawa na chemchemi. Alimpa yeye, binti, siyo wa kiume. Wakaenda na ngoma hadi bondeni, mpaka wake ukapandwa miti ya minyaa, na kamera ikawafuata. Amelilima tangu hapo. Ndoa ilipomshinda alirudi kwao, akasomesha watoto wake kwa shamba hilo. Baba amefariki. Sasa baba yake mdogo anasema binti hakupewa kitu, aliazimwa tu alime, na ukoo unakaa leo saa tisa alasiri kulifunga jambo hilo. Mashahidi wa siku ile wengine wamekufa, wengine wamehama. Kanda za video zimeliwa na ukungu. Imebaki diski hii tu.

"Nikikosa leo," akasema, "kesho wanang'oa kahawa yangu wapande yao."

Sasa mimi, mtu akiniletea shida kubwa, kifua kinapanuka. Nikaigeuza diski nikasoma: gigabaiti themanini, na nusu yake imejaa, kwa maneno ya yule mzee. Nikatoa kwenye rafu adapta yangu, ile ya kuunganishia diski za zamani kwenye laptop. Kasha lake limeandikwa namba kubwa nyekundu: 480.

"Dada, kaa. Hii inavuta mia nne na themanini kwa sekunde. Gigabaiti arobaini ni dakika moja na nusu. Nakuletea soda, na hutaimaliza."

Jirani yangu, mfanyabiashara wa maharage, Mwislamu mwenye ndugu zake pwani na ulimi wa huko huko, alikuwa ameegemea mlangoni kwangu kama kawaida yake wateja wakipungua. Akacheka.

"Mama, kunywa taratibu. Huyu fundi wetu akisema kesho, wewe hesabu Ijumaa."

"Shehe, nenda kahesabu maharage yako."

Nikaunganisha. Diski ikaguna, ikazunguka, taa ikawaka. Kwenye kioo cha laptop yakatokea mafaili kama ishirini, yote yana majina ya namba tu, maana yule mzee hakuwa mtu wa kuandika majina. Sikujua faili la sendofu ni lipi, nikaamuru yote yanakiliwe. Mstari wa kijani ukatokea. Chini yake kompyuta ikaandika muda uliobaki.

Saa kumi na moja.

Nikadhani ni zile hesabu za mwanzo, kompyuta huwa inababaika kidogo. Nikangoja. Saa kumi na moja na dakika mbili. Muda ulikuwa unaongezeka! Yule mama alikuwa amekunywa soda mafunda mawili. Aliitua chupa chini polepole.

"Fundi. Imeandika nini?"

Nikajaribu ujanja. Nikasimamisha kunakili, nikafungua faili moja nitazame moja kwa moja kutoka kwenye diski, huenda tukabahatika. Likaonekana jukwaa lenye maua, likaganda. Sauti ikasema "wa—", ikakata, ikasema "—ge—", ikakata. Bibi harusi asiyejulikana alikuwa na mdomo wazi kwa nusu dakika nzima. Nikafungua jingine, hivyo hivyo. Nikajenga picha akilini: wazee wa ukoo wamekaa, na marehemu anatoa shamba kwa vipande vya maneno kama mtu mwenye kwikwi.

Ndipo jirani, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, akauliza swali lake. Kwa huku kwetu ni swali la kila siku. Ukifika gulioni ukaambiwa bei au hesabu yoyote ya maharage, kitu cha kwanza unauliza kipimo, maana mwingine anapima kwa debe, mwingine kwa kisado, kile kikopo kidogo, na namba inaweza kuwa ile ile wakati mzigo ni tofauti kabisa.

"Fundi, hizo mia nne na themanini," akasema. "Za debe au za kisado?"

"Hii ni kompyuta, shehe, siyo ma—"

Sikumaliza. Nakwambia, nilihisi kama mtu kaniwashia taa kichwani! Mimi, niliyekulia kwenye gulio, ninayejua kwamba muuza maharage wa Kasulu na wa Kibondo hawajazi debe sawasawa, nilikuwa nimesoma namba kwenye kasha bila kuuliza kipimo!

Nikakumbuka intaneti ya dukani. Niliponunua kile kifurushi niliambiwa ni ishirini kwa sekunde. Lakini kila nikishusha faili, kompyuta inaonyesha mbili na nusu. Nikapiga simu, nikamfokea binti wa watu huko huduma kwa wateja, nikamwambia mnaniibia mchana kweupe. Binti akawa anaeleza kitu kuhusu biti na baiti, nami nikamkatia simu. Ishirini gawa kwa mbili na nusu ni ngapi? Nikachukua kikokotoo cha simu.

"Nane!" nikapiga kelele. "Ni nane! Visado vinane kwa debe!"

"Kwetu ni vitano," jirani akasema.

"Kwa kompyuta ni vinane! Waya unahesabiwa kwa biti, na mzigo kwenye diski unahesabiwa kwa baiti. Biti nane ndiyo baiti moja!"

Mia nne na themanini gawa kwa nane: sitini. Megabaiti sitini kwa sekunde. Lakini hata hivyo, kwa sitini mzigo wote ungekwisha kwa dakika kumi na moja, siyo saa kumi na moja. Hesabu haikukaa. Nikaichomoa adapta kwenye laptop, nikaigeuza tumbo juu, nikaifuta vumbi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya dawa, palikuwa na namba nyingine: 12.

Kasha halikuwa lake. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niliwahi kuitia adapta ya zamani kwenye kasha la mpya iliyokwisha kuuzwa. Kumi na mbili gawa kwa nane ni moja na nusu, na kwa vitendo, ukitoa kinachopotea njiani, moja. Megabaiti arobaini elfu, moja kwa sekunde: saa kumi na moja. Hesabu ikakaa kama kofia.

Na video ile? Hizo kamera za kanda nilizifanyia kazi ujanani, najua saa moja ya picha ilikuwa inakula gigabaiti kumi na tatu. Nikagawa kwa sekunde za saa nzima: picha inataka megabaiti tatu na nusu na ushee kila sekunde ili itembee. Adapta inaipa moja. Ndiyo maana marehemu wa watu angekuwa na kwikwi.

"Kwa hiyo umeshajua," akasema yule mama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Sasa kujua kwako kunanisaidia nini? Ni saa tano na robo."

Nikaitazama diski yenyewe. Kwenye kibandiko chake, chini ya jina la kiwanda lililofutika, imeandikwa 100. Safari hii niliuliza kipimo kwanza. Nikaingia mtandaoni na hicho kifurushi changu cha kisado, nikasoma, nikauliza huku na kule. Njia hizi za zamani zenye waya mpana kama utepe, thelathini na tatu, sitini na sita, mia moja, mia na thelathini na tatu, zote zinahesabiwa kwa baiti. Kwa debe! Mia moja ya diski ile ni megabiti mia nane kwa lugha ya leo. Kizee kile kilichofungwa kwenye kitenge, kikiwa kwenye waya wake wa asili, kina njia pana kuliko hata ile adapta ya 480 niliyodhani ninayo!

Basi kilichotakiwa ni kukirudisha kwenye waya wake. Na mimi kompyuta yenye waya huo ninayo! Iko wapi? Nikageuka. Jirani akageuka. Kompyuta yangu kuukuu ya mezani ilikuwa pembeni, na juu yake palikuwa na jiko la umeme na birika la chai.

Miaka mitatu nilikuwa nachemshia chai juu ya dawa.

Nikalibeba birika nikamkabidhi shehe, likamuunguza, akapiga kelele za pwani. Nikafungua ubavu wa kompyuta. Vumbi, mzoga wa mjusi, na pale ndani utepe wa kijivu umekunjwa vizuri, unaningoja. Nikabadilisha kile kikofia kidogo cha plastiki nyuma ya diski kinachoiambia kama ni ya kwanza au ya pili kwenye njia, maana bila hicho mashine haiioni. Nikawasha. Ikalia mlio mmoja. Nikafungua faili la kwanza.

Lilitembea. Bibi harusi yule mwenye mdomo wazi akafunga mdomo, akacheka, akakata keki. Nilirukaruka kama mtoto, mtu mzima mwenye kitambi! Tukafungua moja baada ya jingine, sekunde tano tano. Kwenye faili la tisa yule mama akanishika mkono.

"Hapo."

Mzee mrefu, koti limemzidi mabega, fimbo mkononi. Anasema kwa Kiha, sauti nzima, haina hata ufa: kuanzia mtaroni hadi kwenye maji, ni kwa mwanangu huyu, akiolewa ni lake, akirudi ni lake. Watu wakapiga vigelegele. Dukani kwangu hakuna aliyepiga. Yule mama alikuwa ameinama, kitenge kile kimefunika uso. Shehe aliliweka birika chini akatoka nje kusimama juani.

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Faili lile lilikuwa la saa moja kamili, gigabaiti kumi na tatu, na nilitaka lihame lote bila kukatwa, asije mtu akasema fundi kachagua vipande. Lazima liingie kwenye laptop. Nikatafuta waya wa mtandao, ule wa kuunganisha kompyuta mbili, nikachomeka huku na huku. Mlango wa ile mashine ya zamani una namba: 100.

Mia moja nyingine! Lakini sasa nilikuwa mtu mwingine. Mia moja ya diski ilikuwa ya debe. Mia moja ya waya huu ni ya kisado. Gawa kwa nane: kumi na mbili na nusu. Ondoa kinachopotea njiani, sema kumi na moja.

"Dada," nikasema, "dakika ishirini."

Akanitazama kwa macho mekundu. "Kama zile za soda?"

"Hizi nimezipima."

Nakiri niliogopa. Tuliketi sisi watatu tukiutazama mstari wa kijani kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani, na mimi mtihani wa mwisho niliofanya ni wa darasa la tano. Dakika ya kumi, nusu. Dakika ya kumi na tano, robo tatu. Shehe alikuwa ameshika saa yake ya mkononi. Mstari ulipojaa akainua kichwa.

"Kumi na tisa na sekunde arobaini," akasema. "Fundi, leo umezidisha ujazo."

Yule mama alicheka kwa mara ya kwanza, akainywa soda iliyokwisha kupoteza gesi, akaimaliza.

Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki yangu. Kazi kama ile huwezi kumwachia mtu mwingine akasifiwe yeye. Laptop niliivaa kifuani, ndani ya koti. Tulifika Kumsenga saa nane na nusu, wazee wamekaa kwenye mabenchi varandani kwa baba mdogo, naye mwenyewe katikati, kofia magotini. Alipoiona laptop akasema:

"Siku hizi mafundi wanatengeneza hata maiti wakaongea."

"Mzee," nikasema, "hii ni saa moja, haijakatwa hata sekunde. Tuitazame yote, na palipoungwa unionyeshe."

Wakatazama. Marehemu akazungumza. Kisha kamera ikafuata ngoma hadi bondeni. Mtu mmoja kijana, mwembamba, shati limefunguliwa vifungo, anacheza mbele ya wote na miche ya minyaa mabegani. Anafika kwenye mtaro, anachimba, anapanda mche wa kwanza, anaukanyagia udongo kwa miguu yake, anageukia kamera anacheka: hapa ndipo mwisho wa shamba la bibi harusi!

Kijana yule alikuwa baba mdogo.

Mzee mmoja alikohoa. Baba mdogo alisogea karibu na kioo hadi pua ikakaribia kugusa.

"Nilikuwa nimesahau," akasema taratibu. Sijui kama ni kweli alisahau, na sikuona kama ni kazi yangu kujua. Akamtazama mtoto wa kaka yake. "Minyaa ile niliipanda mimi."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Basi ibaki palepale."

Wazee wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, na jambo likaishia hapo. Yule mama alinyanyuka akashuka bondeni peke yake. Tulimwona kutoka varandani akitembea kando ya minyaa, sasa imempita kimo, akiigusa mmoja mmoja.

Nilikuwa nafunga laptop, betri imebakia kidogo sana, nilipohisi mtu kanishika bega. Alikuwa baba mdogo, simu yake ya tochi mkononi.

"Fundi, pale ninapocheza. Huwezi kuniwekea humu?"

Nikaipokea ile simu, nikaigeuza nyuma, nikatafuta kama kuna namba.

"Mzee," nikasema, "hiyo kwanza tuulize kipimo chake."